Daftari la Mvua: Kutoka Dodoma hadi Shule ya Kimataifa

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, Dodoma)



 

Kamati imenipa kichwa cha maneno kirefu kidogo: maisha ya mwanafunzi katika shule ya kimataifa, mambo aliyoyapenda, alivyohama, na anayotumaini. Hapa wamo wazee waliosoma wakati ambapo fimbo na masomo vilikwenda pamoja, na hekima yao yanishinda mbali. Nadhani nimeitwa kwa sababu nyingine. Katibu ameniambia kwamba kila mwaka wanafunzi humwandikia wakiuliza maswali matatu yaleyale. La kwanza, shule za kimataifa ni za nani? La pili, mtoto wa Dodoma akifika kule, ataweza? La tatu, akishamaliza, atarudi? Nitayajibu kwa utaratibu huo huo, nisije nikapotea njiani.

Shule hizi ni za nani?

Wengi wenu mnadhani kwamba shule ya watoto wa mataifa mbalimbali ni jambo la pwani au la mlimani, halikupata kufika huku kwenye uwanda wetu mkavu. Sivyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale Kongwa mpango mkubwa wa karanga. Walileta matrekta, wakang'oa vichaka, wakapanda. Mvua haikuja kama walivyohesabu, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupoteza fedha zinazokadiriwa kufika pauni milioni 36. Watoto wa wafanyakazi wale walikuwa na shule yao ya bweni palepale, lakini ilikuwa shule ya Wazungu peke yao. Mtoto wa Kigogo aliyekuwa akichunga mbuzi ng'ambo ya uzio aliiona kwa macho tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shule ile ikahamia Iringa, na majengo ya Iringa ndiyo baadaye yaliyokuja kuitwa Mkwawa.

Kisha tazameni jinsi dunia inavyogeuka. Mwaka 1964 Kongwa ile ile iliyowakaribisha Wazungu peke yao ikawa kambi ya wapigania uhuru. Walianza FRELIMO wa Msumbiji, wakafuata ndugu zetu wa Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe na Angola. Basi ukisema neno "kimataifa" hapa Dodoma, usidhani unaleta kitu kigeni. Jambo la kuuliza ni nani anaruhusiwa kuingia mlangoni.

Shule niliyokwenda mimi iko Moshi. Ilifunguliwa mwaka 1969, na lengo la mwanzo lilikuwa kuwapatia shule watoto wa madaktari na wataalamu waliokuja kufanya kazi katika hospitali ya KCMC. Tawi lake la Arusha lilifunguliwa mwaka 1987. Mwaka 2019 shule hiyo iliingia katika jamii ya shule za UWC, ambazo zilianza kwa chuo cha Atlantic huko Wales mwaka 1962. Katika shule hizo zipo kamati za nchi mbalimbali zinazochagua wanafunzi, na msaada wa karo hutolewa kwa kutazama uwezo wa mzazi. Hivyo ndivyo mtoto wa mkulima wa uwele na alizeti kutoka wilaya ya Chamwino alivyopata nafasi. Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 2018, na Agosti 2019 nikawa Moshi na sanduku langu la bati.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: ada ya shule hizi ni kubwa, na wengi waliomo ni watoto wa wenye nafasi; hilo tusilifiche. Lakini mlango upo, na anayepitia mlango huo huulizwa jambo moja ambalo wengi wetu hatukulitayarishia jibu. Huulizwa, "Wewe hupenda kufanya nini, usipolazimishwa na mtu?"

Hapo ndipo nije kwenye swali la pili.

Je, mtoto wa Dodoma ataweza?

Nilipoulizwa swali hilo nilikuwa na jibu, nalo nililipata hapa hapa shuleni. Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa Jiografia alitwambia kwamba milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, hupatikana lita moja ya maji. Hesabu hiyo ilinikaa kichwani. Nikaomba nyumbani kopo tupu la maziwa ya unga, lile lenye kuta zilizosimama wima. Nikaliweka mahali pa wazi, mbali na mti mara mbili ya urefu wa mti wenyewe, ili matawi yasizuie matone wala yasiyadondoshee kopo. Kila siku saa tatu asubuhi nilitumbukiza rula, nikasoma, nikaandika, nikamwaga. Siku isiyo na mvua niliandika sifuri. Nawaombeni wadogo zangu msiidharau sifuri. Katika Dodoma yetu, inayopata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, sifuri ndiyo inayojaza kurasa nyingi, na ndiyo inayomwambia mkulima kwamba Februari imekatika na mtama umeanza kunyauka.

Wenzangu bwenini walinicheka sana. Walinipa jina la "Bwana Kopo". Sikuona vibaya, maana kopo lile halikunizuia kucheza mpira wala kupiga ilimba jioni. Ilimba niliifundishwa na babu. Alizoea kusema kwamba Mgogo asiyejua kuimba ni mgeni nyumbani kwake. Mfano tunao. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma katika mkoa wetu huu, alianza na ilimba na zeze za kijijini. Akachukuliwa katika kikundi cha ngoma cha Taifa, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kabla ya kufariki mwaka 2003 muziki wa Kigogo alikuwa ameufikisha katika majukwaa ya Ulaya. Mtu aliyemwona Doduma akiwa kijana na zeze mkononi angeweza kudhani anapoteza wakati.

Sasa mniruhusu nieleze kuhama kwenyewe, kwa kuwa wengi husimulia matokeo na kuacha safari.

Kuhama kwa kwanza kwa kila mmoja wetu si kwenda Moshi wala Ulaya. Ni kutoka darasa la saba kuingia kidato cha kwanza. Miaka saba umesoma hesabu, maarifa na historia kwa Kiswahili. Kisha asubuhi moja ya Januari kila kitu ni Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akinyosha mkono kila mara hunyamaza ghafla. Akili yake haikupungua. Maneno ndiyo yamemwishia. Mimi nilinyamaza karibu mwaka mzima. Wapo walionyamaza mpaka kidato cha nne, na tukawaita wazito.

Kuhama kwa pili ndiko kwa Moshi. Basi lilipita Kondoa, Kolo na Babati, kisha Arusha. Pale Kolo nilitazama vilima ambavyo ndani yake mna michoro ya miambani, ile aliyoinakili Mary Leakey mwaka 1951 na ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilijiambia kwamba watu wa huku walikuwa wakiandika waliyoyaona zamani mno kabla ya daftari langu.

Huko Moshi mambo yalikuwa mapya. Wanafunzi walimwita mwalimu kwa jina lake. Darasani mtu alimwambia mwalimu, "Sikubaliani nawe," na mwalimu akafurahi. Masomo yalikuwa sita, matatu kwa kina zaidi, pamoja na insha moja ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Juu ya hayo kila mwanafunzi alitakiwa awe na kazi ya ubunifu, kazi ya kuchosha mwili, na kazi ya kuwatumikia watu wengine. Kazi hizo hazitolewi maksi, lakini asiyezitimiza hapewi cheti. Kwa maneno mengine, mambo yale tunayoyaita ya kupoteza wakati, kule ni sehemu ya elimu.

Nilikutana na mwenzangu mmoja aliyekuwa amesoma katika nchi nne kabla ya kufikia umri wa miaka 16, kwa sababu ya kazi ya wazazi wake. Nilimwonea wivu. Siku moja aliniuliza nyumbani ni wapi, nikamweleza kilima, kisima na mbuyu mpaka akalala. Asubuhi akaniambia kwamba yeye akiulizwa swali hilo hana la kujibu. Tangu siku ile nilielewa kwamba kila mmoja alikuja na upungufu wake. Mimi nilipungukiwa Kiingereza cha mazungumzo. Kilinijia baada ya miezi. Yeye alipungukiwa mahali.

Nilipanda na wenzangu sehemu za mlima Kilimanjaro, mimi niliyezoea tambarare. Nilipiga ilimba yangu pamoja na fidla ya mwenzangu. Na kipimamvua? Nilikitengeneza kingine Moshi, na kwa jinsi kule kunavyonyesha, rula yangu ya sentimita 15 ilianza kupata kazi ya kweli.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikosesha usingizi. Kopo la nyumbani lilibaki na nani? Daftari lenye pengo la miaka miwili ni kama mnyororo uliokatika pete. Kabla sijaondoka nilimwachia mdogo wangu wa kike, wakati huo yuko darasa la nne. Nilimfundisha kusoma rula na kuandika sifuri. Machi 2020, shule zote nchini zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19, nilirudi nyumbani nikitazamia kukuta kurasa nyeupe. Nikafungua. Haikukosekana hata siku moja. Pale alipougua malaria aliandika mama, kwa herufi kubwa za mtu wa elimu ya watu wazima. Msimu ule ulikuwa wa mvua nyingi mno katika Afrika Mashariki. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita rekodi ya mwaka 1964. Na huku kwetu, msimu mzima, binti wa darasa la nne alikuwa ameuweka katika mistari ya daftari la kaunta.

Basi, je, mtoto wa Dodoma ataweza? Ataweza, ikiwa ana kitu anachokipenda kiasi cha kukifanya kila siku bila kusimamiwa. Kiingereza hujifunzwa. Uma na kisu hujifunzwa. Desturi ya kufanya jambo kila asubuhi saa tatu, hiyo hakuna shule itakayokupa. Huna budi kwenda nayo.

Na akishamaliza, atarudi?

Swali hili ndilo gumu, na ndilo ambalo wazazi wetu huuliza kwa macho bila kulitamka. Nilipomaliza mwaka 2021, wengi wa wenzangu walikwenda vyuo vya ng'ambo. Nami njia ilikuwapo, ingawa si ya kulipiwa kila kitu. Baraza la ukoo lilikaa. Baba mkubwa alisema mtoto akishavuka mto asirudi kuoga ng'ambo ya huku. Mama hakusema neno. Babu aliuliza jambo moja tu: "Huko uendako, watakufundisha maji ya huku?"

Nilikwenda Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kusomea uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji. Cheti changu cha kigeni nilikipeleka kwanza Baraza la Mitihani kipate kulinganishwa na vyeti vyetu. Wadogo zangu mtakaopita njia hii mlikumbuke hilo mapema. Wapo walioniambia nimeshuka ngazi. Mimi sikuona ngazi iliyoshuka.

Kuna mahali pale Morogoro palinifundisha maana ya kurudi. Ni Mazimbu, ambapo leo ni tawi la chuo hicho linaloitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Mwaka 1978 chama cha ANC kilianzisha shule hapo kwa ajili ya vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maandamano ya Soweto ya Juni 1976. Solomon Mahlangu mwenyewe alinyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Vijana wale walisoma, walilima, waliimba, na wengine wamezikwa pale pale. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Serikali yetu, kwa sababu hatimaye njia ya kwao ilifunguka. Nilipopita kwenye makaburi yale nilifikiri hivi: hawa walihama bila kupenda, na tumaini lao kubwa kupita yote lilikuwa kurudi na kujenga. Mimi niliyeondoka kwa kupenda, na njia yangu haijafungwa na mtu, nitatafuta sababu gani ya kutorudi?

Na sababu ya kurudi ninayo. Mji wetu ulipewa dhamana ya makao makuu mwaka 1973, lakini wengi mliosoma hapa zamani mliuacha ukiwa na vumbi na kituo cha reli. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, mambo yamebadilika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 hapa mjini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 760,000. Wote hao wanakunywa. Na sehemu kubwa ya maji yao kwa miaka mingi imetoka chini ya ardhi, katika visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora.

Kina cha maji ya Makutupora kimepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Wataalamu walipokusanya vipimo hivyo na kuvichapisha mwaka 2013, waligundua kwamba maji yale hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998; miaka ya katikati hushuka tu. Fikirini maana yake. Tunaishi kwa akiba iliyowekwa na misimu michache, na wanaochota wanaongezeka kila siku. Na jambo hilo lisingejulikana kama wasingekuwapo watu wasiotajwa majina yao popote, waliokwenda kisimani mwaka baada ya mwaka na kuandika namba katika kitabu. Wengi wao pengine walichekwa kama nilivyochekwa mimi.

Nilihitimu mwaka 2025. Tumaini langu ni kufanya kazi ya maji katika mkoa huu, si kwa sababu sikupata kwingine, bali kwa sababu swali la babu bado halijapata jibu kamili. Baba mkubwa bado haridhiki. Husema, "Umekwenda mpaka kwa Wazungu, umerudi kupima mvua kwa kopo." Namheshimu, na simjibu. Naomba Mungu anipe miaka ya kumjibu kwa bomba.

Nimalizie kwa maombi mawili.

La kwanza ni kwenu kaka zangu mnaofanya kazi. Paa la jengo moja la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 ni mita 160 za mraba. Kwa milimita 570 za mwaka wa wastani, huangukiwa na lita 91,200. Tuseme theluthi haipotei, ni moja ya tano tu inayopotea njiani. Zitabaki karibu lita 73,000. Leo zote zinamwagika uwanjani na kuchimba mifereji, na wadogo zetu wanabeba ndoo kabla ya kengele ya kwanza. Gata na tangi si mambo makubwa kwa chama chenye watu kama hawa niwaonao hapa. Naomba tuanze na jengo moja tu, msimu huu kabla ya Desemba.

La pili ni kwenu wadogo zangu. Nimeacha ofisini kwa Mwalimu wa Jiografia kipimamvua kimoja na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimechora mistari, tarehe ya kesho nimeiandika, mbele yake hamna kitu. Chagueni kati yenu wawili wa kuanza, mmoja wa kidato cha kwanza na mmoja wa cha tatu, ili wa juu akimaliza awepo wa kumrithi. Mdogo wangu aliyeshika kopo la nyumbani sasa naye yuko sekondari, na amekwisha kumfundisha mtoto wa jirani. Kwa hiyo msiseme ni kazi kubwa. Inafanywa na watoto.

Si kila mmoja wenu atakwenda shule ya kimataifa, wala si lazima. Lakini kila mmoja atahama: kutoka kidato hadi kidato, kutoka kijiji hadi mji, kutoka kwa wazazi hadi kwake mwenyewe. Jichagulieni sasa kitu mtakachohama nacho.